Paache Peupe

Nilishuka Kizingitini na bahari mkononi,
imekunjwa mara nne, imefungwa raba ya kufungia noti.
Ofisini walikwisha kuipaka rangi:
nyekundu, njia ya meli ziendazo bandarini,
kijani, mikoko,
njano, mahali pa kuvulia,
na ile buluu iliyobaki, kubwa kuliko zote,
ufunguo wa ramani uliita
"eneo lisilotumika."

Tuliitandaza kwenye sakafu ya banda la mizani,
bado inanuka samaki wa jana.
Pembe tatu tulizikandamiza kwa chupa za soda,
ya nne kwa kiatu changu.
Watu wakaizunguka kama maiti aliyeokotwa,
kila mmoja akitafuta alama ya kumjulia.

"Kiatu chako," akasema Bi Mwanaiye Bunu,
"kimeikalia Ndau. Dada yangu kaolewa huko.
Kitoe."
Nikakitoa. Ndau ikajikunja.
Tukaituliza kwa sahani ya mahamri.

Kahale, mzamiaji wa kamba, alikuwa kachuchumaa kitambo.
"Hii," akauliza, "ni bahari ya saa ngapi?"
Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Akaweka kidole katikati ya eneo lisilotumika.
"Hapa maji yakiwa mafu ni pangu,
nikitazama chini naona mpaka sharubu za kamba.
Bamvua likiingia maji yanakuwa uji, natoka.
Mwamba ukichomoza wanakuja wanawake na mikonzo.
Usiku zinawaka taa za watoto wa Shekuwe, wanatafuta kaa.
Haya, mpimaji,
pake rangi gani?"

Nilikuwa na kalamu saba.

"Na meli ikipita hapo," akadakia mtu wa nyuma,
"atalipwa nani, wa mchana au wa usiku?"
Hapo banda likachemka.
Wanawake wakasema wazamiaji wanavunja mawe.
Wazamiaji wakasema wanawake wanatoa pweza wachanga,
wadogo kama kiganja, na soko linanyamaza.
Mmoja akasema mengine, yamhusuyo shemeji yake,
hayo sikuyaandika.

Tulipochoka kugombana tulianza upya.
Nikatoa karatasi zile nyembamba za kupitisha mwanga,
tukachora bahari ya mwezi mosi,
bahari ya mwezi saba, ya mwezi kumi na tano,
ya alfajiri, ya usiku wa giza.
Nikazibandika moja juu ya moja, zikabebana kama chapati.
Majina yakamiminika, sikuwahi kuyaona kwenye kompyuta yoyote:
Shimo la Mkwe. Kitasa. Mwamba Haukopi.
Mtupa-Talaka, ambapo mtu alimwacha mke
kwa ajili ya wavu uliopotea,
wavu ukapatikana kesho yake.

Jua limeshapita kichwani nikaona kipande kimoja kitupu,
chembamba, kimepinda kama ukucha uliokatwa.
Kwenye karatasi zote, kitupu.
"Na hapa, Bi Mwanaiye?"
Akatazama dari.
"Hapo paache peupe."
"Hakuna kitu?"
"Nimekwambia hakuna?"

Wenzake wakakagua vidole vyao vya miguu.
Kila mtu Kizingitini ajua mkonzo wake harudi nao mkavu,
hata mwezi ambao wengine wanakula muhogo na chumvi.
Kila mtu ajua anakata upande gani akitoka mikokoni.
Pale hakuna boya, hakuna mhuri, hakuna askari,
na hakuna aliyewahi kumfuata.

Lamu, ghorofa ya pili, feni inazunguka bure,
mkubwa alifunua karatasi moja moja, akafurahi,
mpaka alipofika penye ukucha.
"Hapa hamkukusanya taarifa?"
"Tulikusanya."
"Ziko wapi?"
"Kwa mwenyewe."

Akaguna. Akatafuta kwenye kopo la kalamu,
akaitoa ile ya buluu, akaifungua kwa meno.

Nikainama, nikavua kiatu,
nikakiweka pale juu.